Vitanda Kumi na Kimoja

Magodoro yalitoka shule ya Lauvdal, iliyofungwa
watoto walipokwisha kuwa wazee, au watu wa Oslo.
Baraza la usharika likasema: Gunnvor, ghala lako tupu,
njia ya mahujaji inakupitia mlangoni,
unangoja nini?

Sikujua ninangoja nini.
Nilisugua sakafu pale Halstein alipowahi kumwaga lami
akacheka badala ya kuomba radhi.
Nilipigilia vigingi vya kuanikia soksi, vyote upande upande,
maana mkono wangu na nyundo hawakuwahi kujuana.
Juu ya mlango nilitaka mstari mzima wa Maandiko;
ubao ukawa mfupi. Nikaandika: Ingia.
Nikatunga sheria kumi na tisa, nikazichana,
nikabakiza mbili.
Viatu nje.
Mkate ni wa wote.

Tarehe mosi Juni alikuja mchungaji Ragnfrid,
akabariki mlango, akabariki vitanda,
akabariki na bomba, ambalo liliendelea kuvuja,
akala vipande vitatu vya keki, akaenda zake.

Siku ya pili alikuja sungura.
Siku ya tatu ndiyo siku ya kumpa mgeni jembe;
mgeni sikuwa naye, jembe nikalishika mwenyewe,
nikapalilia viazi visivyokuwa na magugu.

Huku kwetu Juni haina usiku wa kuitwa usiku.
Jua huinama nyuma ya mlima
kama mtu anayefunga kamba ya kiatu,
kisha huinuka, huendelea.
Nilikaa na ule mwanga usiokuwa na kazi,
nikajigonga muhuri kiganjani
nione kama wino haujakauka:
jani la mbetula, jina la shamba.
Mgeni njoo, nikakiambia kiganja. Mwenyeji apone.

Jioni ya nne, kijiti kikagonga jiwe.

Asbjørg. Wa ng'ambo ya ua.
Miaka ishirini na miwili hatujasalimiana,
tangu wapima ardhi wasogeze nguzo hatua moja
na Halstein akaenda mahakamani na buti za zizini.
Alipozikwa, Asbjørg alisimama upande wake,
akavua kofia, hakuvuka.

Kutoka kwake hadi kwangu, kukata shamba, ni hatua mia mbili.
Yeye alikuwa amezunguka kwa kanisani, kilomita saba,
mzigo mgongoni, buti mpya zikimtafuna,
ili afike kwa njia, kama wafikavyo wengine.

"Mna nafasi?"

Nikafungua daftari. Kurasa nyeupe.
Nikazipekua polepole, kama mtu anayehesabu.
"Nadhani ipo," nikasema.

Akaandika kwa herufi za shule ileile ya magodoro:
Asbjørg Kvernmo.
Atokako: ng'ambo ya ua.
Aendako: Nidaros.

Alikula supu ya njegere, bakuli mbili.
Nguzo hatukuitaja. Tulitaja mvua.
Usiku alikoroma kama msumeno uliopungukiwa meno,
nami nyumba kubwa, dirisha wazi,
nikamsikia, nikamsikia, nikalala.

Asubuhi akahesabu kroni mia mbili ndani ya kopo.
Sikumrudishia; hujaji hulipa.
Nikamgongea muhuri. Akaupuliza ukauke,
akautazama kuliko ulivyostahili.
"Kondoo wangu kumi na wanne," akasema.
"Yule mwenye sikio lililochanika anauma."
Akashika kaskazini, akichechemea, bila kugeuka.

Nikachukua ndoo. Nikafika kwenye ua.
Kila msumari pale ni mkono wa Halstein,
naye hakujua kupigilia kitu nusu.
Nikasema: Mume wangu, niwie radhi.
Nikang'oa mbao mbili, na nyundo,
safari hii, ikanitambua.

Aliniuma kweli, yule wa sikio.

Niliporudi, kidole kimefungwa leso,
mlangoni palikuwa na jozi tatu za viatu,
kubwa, zenye tope la mbali,
na ndani mtu akiuliza, kwa lugha nisiyoijua,
lile swali ambalo hata mtoto angelielewa:
mkate uko wapi.